Mafiga Hayahami: Historia Fupi ya Moto wa Kambi ya Wawindaji, Iringa hadi Mbeya

Ukisoma vitabu vya uwindaji wa Afrika Mashariki, hasa vile vya wasafiri wa Kizungu wa zamani, utaambiwa aina ya bunduki, urefu wa pembe, idadi ya wapagazi, wakati mwingine hata jina la mbwa. Moto hutajwa jioni tu, kwa nusu sentensi, kisha mwandishi analala. Nani aliuwasha? Aliuwasha kwenye shimo la namna gani? Mawe aliyatoa wapi? Kimya.

Sasa hilo ni jambo la ajabu, maana kambi ya mwindaji ni moto kwanza, vingine baadaye. Hema linaweza kukosekana, na kwa karne nyingi lilikosekana. Kitanda kinaweza kuwa majani. Lakini kwenye Nyanda za Juu Kusini, ambako mji wa Iringa uko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na uwanda wa Kitulo unapita mita 2,600, ukilala porini mwezi wa Juni bila moto utakiona. Mufindi na Njombe baridi ya Juni na Julai huacha sakitu juu ya majani alfajiri. Moto hapo si pambo la picha. Ni blanketi, ni jiko, ni ukuta wa kuzuia fisi na chui, ni ghala la nyama, na ni taa ya kusimuliana.

Makala hii inahusu kitu kidogo: shimo la moto la kambi ya mawindo, yaani lile linalojengwa lidumu, na jinsi linavyobeba historia ya eneo zima kutoka Iringa mpaka Mbeya na jirani zake. Nitaanza na ujenzi wenyewe, kwa sababu asiyejua shimo linavyojengwa hawezi kulisoma akilikuta limezikwa.

Mawe matatu na shimo moja

Figa moja haliinjiki chungu. Methali hii tumeitumia sana kwenye hotuba za umoja na ushirika, mpaka tumesahau kwamba ni maelekezo ya ufundi. Mafiga ni matatu kwa sababu nyepesi kabisa: vitu vitatu husimama imara kwenye ardhi yoyote, iwe tambarare au ya mabonde. Ukiongeza jiwe la nne, chungu kinaanza kuyumba, maana moja kati ya manne litakuwa juu au chini kidogo. Fundi wa meza anajua jambo hili. Mama mpishi alilijua kabla yake.

Kwa mwindaji, mafiga peke yake hayatoshi. Jikoni nyumbani kuna ukuta wa kukinga upepo, porini hakuna. Ndiyo maana kambi inayokusudiwa kurudiwa mwaka hata mwaka huchimbiwa shimo. Kazi huanza kwa kuchagua mahali. Si chini ya mti, kwa sababu mizizi mikavu inaweza kushika moto chini kwa chini, ukaja kufufuka hatua kumi kutoka ulipouzima. Si juu ya njia ya wanyama ya kwenda majini, kwa sababu utakuwa umewafukuza wale uliowafuata. Si bondeni kabisa, baridi hujikusanya huko usiku kama maji. Mahali pazuri ni ubavuni, penye kichaka au mwamba upande unakotoka upepo. Wakati wa kiangazi upepo mwingi wa huku hutoka kusini-mashariki, ule ule ambao watu wa pwani wanauita kusi.

Shimo lenyewe halihitaji kuwa kubwa. Kina cha futi moja na upana wa hatua moja vinawatosha watu wanne au watano. Udongo unaotoka hautupwi. Unapangwa kuzunguka ukingo, na siku ya kuondoka ndio unaorudishwa kufukia. Upande wa upepo huachwa mfereji mdogo unaoingia chini ya shimo, ili moto uvute hewa kutoka chini badala ya kupulizwa juu juu. Tofauti yake utaiona ukikaa karibu: moto usio na njia ya hewa hutoa moshi mwingi, unawasha macho, unakula kuni. Wenye njia ya hewa unaunguruma taratibu na kuacha makaa mekundu.

Halafu mawe. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Jiwe la mtoni linavutia kwa sababu ni laini na la mviringo, lakini limeloa ndani. Likipata moto, maji yaliyomo yanageuka mvuke, mvuke unakosa pa kutokea, na jiwe linapasuka kwa kishindo na kurusha vipande. Jiwe la mafiga huokotwa mlimani, mahali pakavu. Na hata huko mawe hayafanani. Iringa ni nchi ya graniti. Yale majabali makubwa yanayouzunguka mji, pamoja na jiwe mashuhuri la Gangilonga, ni ya jamii hiyo. Graniti ni ngumu, lakini ikipata moto mkali kwa muda mrefu huanza kubanduka magamba. Wapasua kokoto wanalijua sana hili: huwasha moto juu ya mwamba ili upasuke, kisha wanamalizia kwa nyundo. Kwa hiyo mawe ya graniti huwekwa ukingoni, hayawekwi katikati ya ndimi za moto. Ukiteremka kwenda Mbeya na Rungwe mambo hubadilika. Kule mawe mengi ni ya volkano, meusi, yaliyozaliwa motoni. Yakiwa makavu, hayo huhimili moto vizuri zaidi.

Kitu cha mwisho ni udongo wa kichuguu. Mchwa wamekwisha kuuchambua: punje zake ni ndogo, umeshikana, hauna majani wala mizizi. Ukiupondaponda, ukaukanda kwa maji na kuupaka ndani ya shimo unene wa vidole viwili, kisha ukauacha ukauke kivulini na kuwasha moto mdogo kwanza, utapata bakuli gumu kama tofali. Hapo shimo linageuka chombo. Mvua ya masika italijaza maji na majani, lakini mwakani ukilisafisha litakuwa pale pale.

Na kuni je? Tunajua msemo wa moto wa mabua: unawaka kwa mbwembwe, unazimika kabla hujakaa. Wa mawindo ni moto wa magogo. Msitu wa miombo una miti migumu inayowaka polepole. Magogo marefu hupangwa kama miale ya jua, ncha zikikutana katikati, na kila yanapoungua husukumwa ndani kwa mguu. Hakuna haja ya shoka usiku kucha. Asubuhi unavuta magogo nje, unafukia makaa kwa majivu, na jioni unafukua kaa likiwa hai bado.

Kinachobaki ardhini

Kwa nini nimeeleza haya yote? Kwa sababu moto mkali hufanya jambo ambalo mvua haiwezi kulifuta. Udongo wa mfinyanzi ukipata joto la kutosha hubadilika moja kwa moja, haurudi tena kuwa tope. Chuma kilichomo ndani yake hugeuka rangi, na udongo unakuwa mwekundu. Majivu yatapeperuka, mkaa utasagika, lakini duara lile jekundu litabaki. Wanaakiolojia wakilikuta, wanajua hapa palikuwa na watu, na watu walikaa.

Kutoka Iringa mjini, ukishika barabara ya Mbeya, mwendo wa kama kilomita 20 unafika Isimila. Eneo hili lilitambuliwa mwaka 1951, na mwaka 1957 na 1958 Clark Howell alifanya uchimbaji mkubwa hapo. Zilipatikana zana za mawe kwa wingi wa kushangaza, yale mashoka ya mkono na vipasulio, pamoja na mifupa ya viboko wa aina iliyokwisha kutoweka. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 1972 vilikadiria umri wa miaka 260,000 hivi. Sifa ya Isimila ni mawe, si majivu. Ni mahali pa wazi, palipopitiwa na maji, na maji hayana huruma na majivu.

Mbali zaidi upande wa magharibi, kwenye maporomoko ya Kalambo yaliyo mpakani mwa Tanzania na Zambia, ardhi yenye unyevu ilihifadhi hata miti. Desmond Clark alichimba hapo kuanzia miaka ya 1950 na kukuta vipande vya miti, vingine vikiwa na dalili za kuungua. Mwaka 2023 watafiti walitangaza kwamba magogo mawili waliyoyapata upande wa Zambia yalikuwa yamechongwa na kuunganishwa na binadamu, umri wake si chini ya miaka 476,000. Tafakari kidogo: kabla ya binadamu wa sura yetu kuwapo, kulikuwa na mtu aliyekaa mahali pamoja muda wa kutosha kuona faida ya kujenga.

Mapangoni hadithi hukaa vizuri zaidi. Tangu mwaka 2006, timu iliyoongozwa na Pamela Willoughby wa Chuo Kikuu cha Alberta, akishirikiana na Watanzania kama Pastory Bushozi, imefanya kazi kwenye mapango ya miamba ya Magubike na Mlambalasi, mkoani Iringa. Magubike ina tabaka za Zama za Kati za Mawe, na meno ya binadamu yamepatikana humo. Mlambalasi ina tabaka za Zama za Chuma juu, na za Zama za Mwisho za Mawe chini yake, pamoja na shanga za maganda ya mayai ya mbuni na mifupa ya watu waliozikwa zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Watu waliwinda hapo, walikula hapo, walizikana hapo. Naomba ulikumbuke jina hili, Mlambalasi. Tutarudi.

Shimo lililosimama wima

Mkuki na mshale wa mwindaji navyo vilitoka motoni. Wanyiha wa Mbozi, ambayo leo iko katika mkoa wa Songwe uliotengwa na Mbeya mwaka 2016, na majirani zao Wafipa wa Rukwa, walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma. Matanuri yao, ambayo Wafipa huyaita malungu, yalijengwa kwa udongo na yalikuwa marefu kumpita mtu. Chini palikuwa na matundu yaliyowekwa mirija ya udongo. Hewa iliingia yenyewe kwa kuvutwa na joto linalopanda juu, bila mtu kuvuta mivuo.

Tazama sasa: huo ni mfereji ule ule wa upepo kwenye shimo la kambi, ila umesimamishwa. Anayejua kwa nini moto wake wa porini unafuka moshi, na anayejua kuufanya uungurume, amekwisha kushika nusu ya elimu ya tanuri. Nusu nyingine ni ya udongo, na udongo wenyewe ni ule tuliousifu: ulioshikana, usiopasuka. Mara nyingi tumefundishwa historia ya teknolojia kama kitu kilicholetwa na meli. Hapa tunaiona ikitoka kwenye jiko, ikapita kambini, ikafika kiwandani. Magofu ya matanuri hayo yaliendelea kuonekana karne ya 20, na mwaka 1965 Beverley Brock na mwenzake walichapisha maelezo ya kina ya ufuaji chuma wa Wanyiha.

Na kuna chumvi. Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa, ilikuwa na chemchemi za maji ya chumvi, na Brian Fagan na John Yellen walipochimba mwaka 1966 walikuta mabaki ya watu waliotengeneza chumvi kati ya karne ya 13 na ya 15. Kwa mwindaji, chumvi na moshi ni ndugu. Nyama ya pofu mmoja, mnyama anayeweza kupita kilo 500, haibebeki mbichi wala hailiki kwa siku mbili. Hukatwa vipande vyembamba, hupakwa chumvi ikiwepo, hupangwa kwenye uchanja wa miti mibichi juu ya shimo, na makaa hutunzwa yafuke tu, yasiwake. Nyama hubanikwa usiku na mchana mpaka inyauke na uzito wake upungue sana. Kumbe basi shimo la moto ndilo lililoamua mwindaji aende mbali kiasi gani. Asiye na moto wa kudumu huwinda karibu na nyumbani. Mwenye nao anaweza kwenda Usangu au bonde la Ruaha Mkuu akakaa wiki tatu.

Wiki tatu za watu wazima na vijana kukaa duara moja usiku ni shule. Hatuhitaji kupamba. Nyayo, majina ya nyota, dawa za mishale, nasaba za ukoo, uongo wa wazee kuhusu simba waliowakosakosa, vyote vilipita hapo. Wapenzi wa fasihi simulizi huandika kwamba hadithi zetu zilisimuliwa "kando ya moto", na tumeirudia kauli hiyo mpaka imekuwa chapa. Lakini mara nyingi tunauwaza moto wa bibi nyumbani. Kulikuwa na moto wa pili, wa wanaume porini, na hadithi zake zilikuwa na kazi nyingine: kumfanya kijana akeshe zamu yake bila kusinzia.

Moshi wa mtu anayewindwa

Penye moshi hapakosi moto. Kwa mwindaji ni msemo wa faraja. Akiuona moshi wa wenzake anajua amekaribia uji. Kwa anayewindwa ni hukumu.

Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, jeshi la Wahehe la Mtwa Mkwawa lilivizia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, likakisambaratisha na kumuua kiongozi huyo. Wajerumani walirudi, na tarehe 30 Oktoba 1894 waliivunja ngome ya Kalenga. Mkwawa hakukamatwa. Akaingia porini, na kwa karibu miaka minne mtawala aliyekuwa na ngome ya mawe aliishi maisha ya kambi: leo hapa, kesho pale, akilishwa na watu wake kwa siri na kuvishambulia vituo vya adui. Wajerumani chini ya Tom von Prince walijibu kwa kuwaadhibu waliomlisha na kwa kutangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake.

Fikiria maana ya moto kwa mtu huyo. Ni baridi ile ile ya Juni na Julai. Nyama ikipatikana inataka kubanikwa. Lakini kila moshi ni barua kwa adui, na kila jivu la moto, ukiweka kiganja, linamwambia anayefuatilia umeondoka saa ngapi. Ujuzi wote wa kambi ya mawindo unapinduliwa: shimo liwe dogo, kuni ziwe kavu zisizofuka, majivu yafukiwe kabla ya alfajiri. Yule aliyewinda sasa anawaza kama mnyama.

Tarehe 19 Julai 1898, askari wa Kijerumani aliyeitwa Merkl, akifuata nyayo na kuongozwa na kijana aliyekuwa ametoka kambini kwa Mkwawa, alisikia mlio wa bunduki. Aliponyemelea aliona watu wawili wamelala. Wakafyatua risasi, hakuna aliyetikisika. Mkwawa alikuwa amekwisha kujiua, na mfuasi wake wa mwisho alikuwa amekufa kando yake. Masimulizi yanayozunguka Uhehe yanaongeza jambo ambalo ripoti ya askari haikulijali: kwamba Mkwawa aliwasha moto mkubwa kwanza, akajipiga risasi aangukie humo, ili mwili uteketee na adui asipate cha kubeba. Historia ya nyaraka na historia ya mdomo zinagombana hapa, na mimi sina haraka ya kuzipatanisha. Ninachokiona ni kwamba wasimulizi waliujua moto wa kambi vizuri. Walijua kwamba mtu aliyejificha miaka minne bila moshi, siku anayowasha moto mkubwa amefanya uamuzi.

Moto haukumaliza kazi. Kichwa kilikatwa kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikirudishe, lakini ilichukua miaka mingine 35. Gavana Edward Twining alikwenda kwenye jumba la makumbusho la Bremen, akachagua fuvu lililodhaniwa kuwa lenyewe, na tarehe 19 Juni 1954 likakabidhiwa Kalenga kwa mjukuu, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Mulokozi aliipeleka habari ya mtawala huyo jukwaani katika tamthilia yake ya *Mukwava wa Uhehe*.

Na mahali alipofia ni wapi? Mlambalasi. Kaburi lake liko chini kidogo ya pango lile lile ambalo wanaakiolojia wamelichimba. Wawindaji wa zaidi ya miaka 10,000 iliyopita walichagua mwamba huo kwa sababu zile zile ambazo mkimbizi wa mwaka 1898 angezithamini: unakinga upepo, unafunika moshi, unaona mbali.

Jivu linapokuwa ushahidi

Miaka miwili kabla ya kifo hicho, Mei 1896, Gavana Hermann von Wissmann alikuwa ametoa amri ya kwanza pana ya kuhifadhi wanyama katika koloni. Kuwinda kukawa ni kwa kibali cha kulipia, na maeneo ya hifadhi yakaanza kutengwa. Mwaka 1910 Wajerumani walitenga Hifadhi ya Saba. Mwaka 1946 Waingereza wakaiita Rungwa. Mwaka 1964 sehemu yake ikawa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwaka 2008 Usangu ikaongezwa, na eneo la Ruaha likapita kilomita za mraba 20,000.

Sina ugomvi na uhifadhi. Tembo wa Ruaha walimalizwa kwa bunduki za biashara ya pembe, si kwa mishale ya mzee anayetafuta kitoweo, na bila askari wa wanyamapori leo tusingekuwa na cha kuhifadhi. Lakini tuone kilichotokea kwa shimo letu. Kabla ya 1896, duara la mawe porini lilisema: hapa ni kwa fulani, anarudi kiangazi. Baada ya hapo likaanza kusema: hapa alipita jangili. Askari wa doria anayekuta majivu ya moto na uchanja wa miti hupima joto la jivu kwa kiganja. Neno lenyewe limehama. Babu alikuwa mwindaji. Mjukuu akifanya vile vile bila karatasi, ni jangili.

Wakati huohuo, kambi za uwindaji wa kitalii zina shimo la moto lililojengwa kwa mawe na saruji, limezungushiwa viti vya kukunja, na mgeni hulipia kuketi hapo. Shimo ni lile lile. Figa ni lile lile. Kilichobadilika ni nani anayeruhusiwa kulikalia. Kumekuwa na majaribio ya kusawazisha. Iringa kulikuwa na mpango wa MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, uliovipa vijiji vinavyopakana na Ruaha nafasi ya kunufaika na wanyamapori, ikiwemo kuuza mgawo wa uwindaji. Fedha ni jambo jema. Lakini mgawo ukinunuliwa na mtu wa mjini mwenye gari na leseni, kijiji kinapata fedha na kinapoteza kambi, na pamoja na kambi kinapoteza ile shule ya usiku. Hasara hiyo haiandikwi kwenye hesabu za mwaka.

Kuna sababu nyingine ya kutopuuza maarifa haya, nayo ni ya leo kabisa. Kuanzia Juni hadi Oktoba Nyanda za Juu Kusini ni kavu, na moto mmoja uliotoroka unaweza kuteketeza kilima. Muulize yeyote anayeishi karibu na msitu wa Sao Hill, Mufindi, penye misonobari mingi kuliko shamba lolote la miti nchini. Warina asali, wachoma mkaa, wachungaji, wapanda milima, vijana wanaokwenda Kitulo kupiga picha za maua, wote huwasha moto. Wengi wao huwasha juu ya nyasi, huweka mawe ya mtoni, humwaga maji ya chupa moja, na kuondoka. Wazee walifyeka duara la hatua tatu kuzunguka shimo kabla ya kuwasha. Wakati wa kuondoka walitawanya makaa, wakamwaga maji, wakakoroga kwa kijiti, wakamwaga tena, kisha wakagusa kwa mkono. Kikipita kiganja bila kuungua, ndipo udongo uliowekwa ukingoni ulirudishwa. Mawe matatu yaliachwa juu, yamegeuzwa, ili anayefuata ayakute makavu.

Hilo la mwisho nalipenda kuliko yote. Unageuza mawe kwa ajili ya mtu ambaye pengine hutamwona. Ukienda Mlambalasi, baada ya kaburi, panda mpaka kwenye mwamba uangalie chini. Hutaona moto wowote. Chini ya mchanga huo kuna mioto mingi sana, ya watu wasiofahamiana, iliyowashwa mahali pamoja.